Kutoka 06 hadi 06: Siku Moja ya Rubani Msaidizi wa Nairobi

Saa kumi kasorobo alfajiri, baridi ya Julai ikiwa imeikaba South B, dereva wetu alikuwa amekwisha kuwasha gari. Ni mzee mmoja mpole ambaye huniita Kapteni, ingawa nimemweleza mara nyingi kwamba mimi ni rubani msaidizi tu. Tulipoingia Mombasa Road aliniuliza swali ambalo bila shaka alikuwa amelala nalo: "Kapteni, uwanja wetu una njia moja tu ya kurukia ndege, na nasikia mnaiita sifuri-sita. Sasa zile tano za kwanza zilienda wapi?" Nilicheka, nikamwomba anisubiri hadi mchana, kwa kuwa swali lenyewe halijibiki kwa sentensi moja, na tulikuwa tumekwisha kulifikia lango la Jomo Kenyatta.

Saa kumi na nusu nilikuwa mezani na kapteni wangu, karatasi za hali ya hewa mbele yetu. Jambo la kwanza tunalolitafuta ni upepo, kwa sababu ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, na upepo ndio unaotuchagulia namba. Asubuhi hiyo Nairobi ilikuwa na upepo wa nyuzi 050, yaani unatoka kaskazini-mashariki, wa noti 6 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), na mawingu yalikuwa chini. Kwa hiyo tungetumia 06. Namba hiyo haihesabu njia, inataja mwelekeo. Huchukuliwa mwelekeo wa njia kwa dira ya sumaku, hukadiriwa hadi kumi iliyo karibu, kisha sifuri ya mwisho huondolewa: nyuzi 60 huwa 06, nyuzi 240 huwa 24. Ndiyo maana lami ileile ina majina mawili, kila jina limechorwa kwenye ncha yake, na tofauti kati yao ni 18 siku zote, kwa kuwa anayetazama upande wa pili amegeuka nyuzi 180. Mahali penye njia mbili zinazokwenda sambamba, kama Johannesburg, huongezwa herufi ya kushoto au kulia. Na kwa kuwa kaskazini ya sumaku huhamahama polepole, namba nazo huweza kubadilika: mwaka 2009 uwanja wa Stansted, karibu na London, uliifuta 05/23 ukaandika 04/22, ingawa lami haikusogea hata hatua moja.

Saa kumi na mbili na nusu tulijipanga kwenye 06 kuelekea Kisumu. Kabla ya kapteni kuongeza nguvu, nilisoma kwa sauti namba iliyokuwa mbele yetu, kisha nikasoma dira. Mazoea hayo niliyapata kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi Wilson, ambako kuna njia mbili, 07/25 na 14/32, niliruhusiwa kutumia 14, nikajipanga kwenye 07 kwa kujiamini kabisa. Mwalimu wangu alikaa kimya, akagonga kioo cha dira kwa ukucha mara moja. Sindano ilikuwa imesimama kwenye 070. Sikuhitaji kuambiwa neno.

Kisumu nako njia ni 06/24, jambo linalowachanganya wageni wanaodhani namba ni mali ya uwanja mmoja. Asubuhi, upepo wa nchi kavu hushuka kuelekea ziwani, hivyo kapteni alitua kwenye 06 tukitokea upande wa maji. Alasiri ziwa hurudisha upepo wake, na wenzetu wa zamu hiyo mara nyingi hupewa 24.

Zamu ya kurudi ilikuwa yangu kuendesha. Saa mbili na robo tulikuwa tumeviacha vilima vya Ngong upande wetu wa kushoto, tukageuka kuishika 06, chini yetu mawingu meupe yasiyo na tundu. Hapo hutegemea mihimili miwili ya redio inayotumwa kutoka ardhini, mmoja ukiniambia kama nimekwenda kushoto au kulia, mwingine ukinishusha kwa mteremko wa nyuzi 3. Tukifika futi 200 juu ya ardhi bila kuona taa, tunapanda tena, na hakuna mjadala. Asubuhi hiyo taa zilijitokeza kwenye futi 500 hivi, na nyika ya Mbuga ya Nairobi ikapita chini yetu, ya kijivu na yenye umande. Kando ya njia kuna taa nne zinazompima rubani: mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake uko sawa, nyekundu zote, uko chini mno. Nilikuwa na nyekundu tatu, nikaongeza nguvu kidogo mpaka moja ikageuka nyeupe.

Uwanja wetu uko futi 5,330 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Kipimo changu kilisoma noti 120, lakini kwa kweli ndege ilikuwa ikienda karibu noti 130, ndiyo maana ardhi ya Nairobi hukujia kwa haraka kuliko ya Mombasa, na ndiyo sababu mojawapo ya njia hii kuwa ndefu kupita kilomita 4. Watu hudhani tunatua juu ya namba. La. Namba zile, zenye urefu wa kumzidi twiga, hupita chini ya pua ya ndege tukiwa bado hewani, na magurudumu hugusa mbele zaidi, palipo weusi wa mpira ulioachwa na waliotangulia. Mashine ilipohesabu futi ishirini niliacha kutazama pale, nikainua macho hadi mwisho kabisa wa njia, kwa sababu ni kutoka huko ndipo jicho hupima vizuri kimo kilichobaki. Nikavuta usukani kiasi cha upana wa vidole viwili, nikapunguza nguvu, nikangoja. Tuligusa kwa kishindo kidogo. Lami ilikuwa na maji, na juu ya maji afadhali tairi likanyage kuliko lipapase, ijapokuwa abiria hupiga makofi kwa lile la kupapasa.

Saa nne tuliondoka kwenda Mombasa. Mabaharia wa pwani waliupa upepo wa miezi hii jina la kusi zamani sana, na njia kuu ya huko, 03/21, haikubaliani nao vizuri. Mnara wa kuongozea ndege ulisema upepo ni nyuzi 180, noti 16. Nilikokotoa kichwani: 21 ni nyuzi 210, tofauti ni 30, kwa hiyo nusu ya upepo, noti 8, inatupiga ubavuni kutoka kushoto. Kapteni aliielekeza pua kushoto kidogo, kama mvuvi anayeelekeza mtumbwi juu ya mkondo ili avuke moja kwa moja, kisha karibu na ardhi akainyoosha kwa mguu na kulishusha bawa la kushoto, na gurudumu la upande huo likagusa kwanza.

Saa saba na nusu nilitua tena Nairobi kwenye 06, safari hii chini ya jua.

Saa tisa mzee alikuwa akinisubiri. Nilimweleza yote njiani, akasikiliza akitikisa kichwa, kisha akauliza Mombasa Road ingekuwa namba ngapi. Nilifungua dira ya simu: kuelekea mjini ilisoma karibu 290.

"Ni 29," nikamwambia. "Asubuhi tulipokuja ilikuwa 11."

Alitazama mstari wa malori yaliyokuwa yamesimama mbele yetu, akazima injini. "Basi, Kapteni, 29 leo imefungwa."