Elfu tano ya mshahara na elfu tano ya chakula si kitu kimoja

Kliniki yangu ya meno ni ndogo, viti viwili na wafanyakazi watano, tuko juu ya duka la simu hapa Mombasa. Julai 2025 jioni tukifunga, dada wa risepsheni akanifuata akaniambia Dokta, maisha yamepanda, hebu tuongeze hata elfu tano. Kusema kweli alikuwa na haki, mara ya mwisho niliyowaongeza hata siikumbuki. Nikamwambia sawa, nikampigia mhasibu nikijua ni mambo ya dakika mbili.

Mhasibu akacheka, akasema chukua kalamu. Huyo dada analipwa 45,000. Ukimpa 5,000 juu yake, NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua 6% yaani 300, SHIF, bima ya afya ya serikali, 2.75% ni kama 137, ile tozo ya nyumba za bei nafuu 1.5% ni 75, halafu kinachobaki kinapigwa PAYE, kodi ya mshahara, ya 30% manake mshahara wake ushaingia kwenye kiwango hicho, kama 1,346 hivi. Kinachomfikia mkononi ni 3,141. Na mimi bado natoa 300 nyingine ya NSSF na 75 ya nyumba upande wangu, yaani zinanitoka 5,375 ndo yeye aone 3,141! Haya, za NSSF ni akiba yake, sikatai, lakini ni za uzeeni, si za unga wa kesho.

Sasa ndo akanifungua macho. Tangu 27 Desemba 2024, chakula unachompa mfanyakazi hakikatwi kodi mpaka 5,000 kwa mwezi, kabla ya hapo ilikuwa 4,000. Na marupurupu mengine yasiyo pesa yana 5,000 yake pembeni, hiyo ilikuwa 3,000. Mimi nina kliniki miaka yote hii na sikuwahi kuvitumia hivi vitu, nilidhani ni vya makampuni makubwa yenye kantini.

Basi nikakimbilia nyumbani nikaandika kwenye karatasi ya mshahara "alawansi ya lanchi 5,000" nikajiona mjanja kweli. Mhasibu akairudisha siku hiyohiyo. Ukitoa pesa mkononi, uiite lanchi uiite zawadi, hiyo ni mshahara na inakatwa kama mshahara, hata bonasi ya Idd au Krismasi. Lazima kiwe chakula chenyewe.

Hatuna jiko, lakini sheria inaruhusu kikapikwa na mtu wa nje, ila awe amesajiliwa na KRA, mamlaka ya kodi. Hapo nikakwama, manake anayetupikia sote ni mama mmoja wa kibanda pale nyuma, wali wake wa nazi na maharagwe hauna mpinzani, lakini risiti za KRA alikuwa hazijui, na tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na risiti ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, huwezi kuyatoa kwenye hesabu zako za kodi. Mhasibu akasema tafuta hoteli. Nikakataa. Tulikaa na mama jioni mbili na binti yake mwenye simu nzuri, mama akapata PIN, namba ya mlipa kodi, akaingia eTIMS, na sasa mwisho wa mwezi ananipa risiti moja ya wote wanaokula. Sahani tulikubaliana 190, kwa siku 26 za kazi inakuja 4,940, hatuvuki.

Mnadhani walishangilia? Dada wa risepsheni aliniuliza usoni, Dokta, sasa mwenye nyumba nimlipe na maharagwe? Na hapo ndo naona washauri wengi wanawadanganya watu, wanaongea kama kodi pekee ndo hesabu. Mtu aliyekuwa anakuja na chakula chake kutoka nyumbani, hiyo sahani haimpi kitu. Mwisho tukakaa wote, nikawauliza mmoja mmoja, wawili wakapewa nyongeza ndogo ya mshahara na makato yake yote, wengine watatu wakataka chakula, manake walikuwa wanakula kwa huyohuyo mama kila siku kwa pesa zao. Mshahara wa mtu sikupunguza hata shilingi, hilo usijaribu.

Ramadhani nayo ina mambo yake. Watatu kati yetu wanafunga, mchana hakuna anayekula, kwa hivyo mwezi huo tunahamia kwenye ile 5,000 nyingine: mchele, sukari, mafuta, tende na unga wa ngano, nanunua dukani kwa risiti ya jina la kliniki, na asiyefunga anapata kikapu kilekile.

Lakini kilichowagusa zaidi hata si chakula, ni bima ya matibabu. Mwajiri akimlipia mfanyakazi wa muda wote (full-time) bima yeye na familia yake, hiyo haihesabiwi kama mapato yake, na mwenye watoto wadogo hahitaji kuelezwa. Niliianza Januari, inauma mfukoni, lakini siwezi kuirudisha nyuma.

Kuna na safari: tangu Julai 2025 posho ya siku ukimtuma mtu nje ya kituo chake haikatwi mpaka 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 2,000 ambayo Nairobi hata kulala haitoshi.

Na kama kliniki ni ya jina lako mwenyewe kama yangu, si kampuni, usijidanganye: wewe si mfanyakazi wa mtu. Sahani yangu ya wali namlipa mama mwenyewe, 190, na ananitoza za samaki juu.