Kumbukumbu ya klasta, wiki ya sita: kompyuta ya tatu

Jumatatu

Shangazi alinipigia simu saa moja asubuhi kutoka ufuo wa Dunga, wateja wakiwa wamemzunguka. "Mwanangu, hiki kitabu chako kinaandika kilo za mama wawili, wa tatu kinamkataa. Nikirudia, kinakubali." Nilimwomba arudi kwenye daftari la karatasi hadi jioni, na iliniuma kumwambia hivyo.

Kwa aliyeingia leo: hesabu za samaki (omena na mbuta) za kikundi cha shangazi ziko kwenye MariaDB Galera, hifadhidata inayoweka nakala ileile kwenye kompyuta kadhaa zinazofanya kazi kama moja, yaani klasta. Zangu ni kompyuta tatu kuukuu chumbani kwangu Kondele, Kisumu. Ya nne inaendesha HAProxy, inayozigawia maombi kwa zamu. Moja ikianguka, mbili zinabaki na wingi wa kura (kila kompyuta ina kura moja) na kazi inaendelea.

Kompyuta tatu, zamu, na kila ombi la tatu linakataliwa. Shangazi alikuwa ameshanipa jibu, lakini ukurasa wa HAProxy ulionyesha zote kijani na mimi nikauamini. Saa mbili nzima nilibadili kebo, nikawasha ruta upya, nikakagua manenosiri. Bure.

Ndipo nikaziingia moja moja bila kupitia HAProxy. Ya .11 na ya .12 (naziita kwa tarakimu za mwisho za anwani zake za mtandao) zilijibu vizuri. Ya .13, ile ya tatu, ilikubali nenosiri, kisha kila nilichouliza ikarudisha hitilafu 1047: haijawa tayari kutumika. Nikaangalia `wsrep_cluster_size`, idadi ya wanachama ambao kila kompyuta inawaona. Kule kwingine ilisema 2. Hapa ilisema 1, na hali yake `non-Primary`, yaani haimo kwenye kundi lenye wingi wa kura. Ilikuwa imebaki peke yake, na Galera humnyima aliye peke yake ruhusa ya kujibu, ili hesabu zisije zikawa mbili zinazopingana. Naiheshimu sana tabia hiyo.

Chanzo kilianza Jumamosi, nilipowasha faiwoli, kizuizi cha miunganisho ya mtandao, kwenye zote tatu. Kwenye ya tatu nilifungua poti (milango ya mtandao) mbili tu: 22 ya kuingilia mimi na 3306 ya kuulizia hifadhidata. Kwenye mbili za kwanza nilifungua 4567, wanakozungumzia wanachama wa Galera, lakini kwa anwani nilizozitaja, na badala ya .13 nikaandika .31. Siku hiyo hakuna kilichoharibika kwa sababu miunganisho ya zamani iliendelea kuishi. Jumapili nikachomoa kebo ya ile ya tatu kwa dakika mbili, nisogeze meza. Wenzake wakaihesabu imeondoka. Iliporudi ikabisha, na hakuna aliyefungua. Poti 3306 ilibaki wazi muda wote, na HAProxy haikuwa ikiuliza zaidi ya hapo.

Jumanne

Nilisahihisha anwani, nikafungua 4567, pamoja na 4568 na 4444 ambako aliyeachwa nyuma huletewa data, kwa zote tatu. Ya tatu ikajiunga yenyewe, ikaletewa maandishi iliyoyakosa tu.

Kisha ukaguzi. Sasa kila kompyuta ina skripti ndogo kwenye poti 9200 inayosoma `wsrep_local_state`. Ikiwa ni 4, yaani imesawazika, inajibu 200 (niko sawa), vinginevyo 503 (usinitumie). HAProxy inasikiliza jibu hilo, si 3306.

Jumatano

Shangazi akiwa kazini, nilichomoa kebo ileile makusudi. Ya tatu ikageuka nyekundu. Nikampigia simu. "Andika, shangazi." Akaandika mama kumi na wawili mfululizo. Nilirudisha kebo nikiwa bado namsikia akitaja kilo.

HAProxy yenyewe bado ni moja. Wiki ijayo naitafutia mwenzake.