Picha zinaonekana kwenye kompyuta, tovuti ikipandishwa zinapotea: nimepata dawa

Dalili: ukurasa ukifunguliwa kwenye Windows, picha zote zipo. Ukishapandishwa kwenye seva, baadhi zinabaki kiboksi kitupu, na anwani ya picha ikifunguliwa peke yake inaleta kosa la 404 (faili halikupatikana).

Kufuta kashe ya kivinjari hakukusaidia, wala kupunguza ukubwa wa picha.

Kiini ni herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, Paka.JPG na paka.jpg ni faili moja. Kwa Linux, inayoendesha seva nyingi, ni mafaili mawili tofauti. Kamera nyingi huandika .JPG, nawe kwenye HTML umeandika .jpg. Kagua hasa mkia huo, maana Windows huuficha mpaka uruhusu uonekane.

Kubadilisha jina moja kwa moja kwenye folda hakutoshi: Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili, ambayo hapa ndiyo inayopandisha tovuti) kwenye Windows kwa kawaida haioni badiliko la herufi kubwa kuwa ndogo tu, hivyo jina la zamani linabaki kwenye seva. Pitia jina la muda:

git mv Paka.JPG muda.jpg
git mv muda.jpg paka.jpg

Halafu git commit (kuhifadhi badiliko), kisha git push (kulipandisha). Picha zote zimerudi.