Kisigino cha Yuda

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne tulikuwa msibani. Wakati wa utambulisho wazee wa kanisa walitajwa mmoja mmoja, jina langu likarukwa. Lilinichoma, hata mahubiri sikuyasikia tena. Nikainuka, nikazunguka uani walikokuwa akina mama. Mmoja alikuwa ameinamia sufuria kubwa ya wali, anakwangua ukoko, masizi yamempanda hadi viwikoni. Akaniambia, "Baba mzee, nishikie huku tumwage maji." Nikaitazama suti yangu. Nikageuka kutafuta kijana wa kumwita. Nilipomrudia, alikuwa ameshaibinua peke yake.

Usiku ule nilifungua Yohana 13, Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu. Kila Alhamisi Kuu tunaisoma, tunafika kwenye kitambaa na bakuli, tunasema amina. Safari hii nilikwama kwa Yuda. Mstari wa 2 unasema Ibilisi alikwisha kumtia moyo wa kumsaliti Bwana. Anatoka nje mstari wa 30. Maana yake maji yalipomiminwa alikuwa pale, miguu yake ikatawadhwa kama ya Petro. Na Yesu alijua! Mstari wa 18 anasema, "Aliyekula chakula changu ameniinulia kisigino chake." Kisigino hicho, wapendwa, Bwana alikuwa ametoka kukiosha na kukifuta kwa mikono yake.

Mimi nilishindwa kushika sufuria ya dada anayenipenda, kwa sababu tu sikutajwa jina.

Viongozi wenzangu, tusidanganyane. Tunapenda kutumika mahali tutakaposhukuriwa. Mwenyekiti wa jumuiya, je, yule aliyekusema vibaya kwenye kikao akilazwa, utakwenda kumwona, au utamtuma katibu? Mwalimu wa kwaya, yule aliyekataa uongozi wako, utambebea mtoto wake mgongoni wakati mama yake anaimba? Hapo ndipo penye bakuli. Luka anasema usiku uleule wanafunzi walikuwa wakishindana nani mkubwa. Bwana akawaambia aliye mkubwa kwao awe kama aliye mdogo. Tubuni pamoja nami, ndugu zangu.

Jana nilimwendea yule mama kumwomba radhi. Hakuwa hata na kinyongo. Aliniuliza tu kama nitafika Jumamosi kwenye usafi wa kanisa, maana upande wa vyoo watu ni wachache. Nimemwambia nitafika saa moja asubuhi, na ndoo nitakuja nayo.