Sabini na Nane

Chumba kilikuwa ghorofani, Mwanza mjini kati, dirisha linatazama upande wa Makoroboi, na kelele za wamachinga zilikuwa zinaingia zote. Mezani kulikuwa na vitalu vyekundu na vyeupe, saa ya kubonyeza, na mtaalamu aliyetoka Dar, kaka mmoja mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Wafadhili wa masomo, watu wa nje ambao sina haja ya kuwataja, walikuwa wameamua kwamba mwaka ule wa 2009 matokeo ya kidato cha sita hayatoshi. Waombaji wote tupimwe akili kwanza.

Vitalu vyenyewe havikunisumbua, kilichonisumbua ni ile saa. Mchoro unakaribia kukamilika, mwenzangu anabonyeza: "Asante dada, tuendelee." Lakini kilichonimaliza kabisa ni tarakimu. Anazitaja kwa Kiingereza, moja moja, halafu mimi nizirudishe kinyumenyume kwa Kiingereza hichohicho. Sasa kichwani mwangu namba zinakaa kwa Kiswahili. Nazipokea, nazigeuza Kiswahili, nazipindua, nazivalisha Kiingereza tena. Nikifika katikati, zilizobaki zimeshapotea. Na ni mimi huyohuyo niliyekuwa nashika hesabu za mama pale soko la dagaa la Mwaloni bila daftari: nani kachukua sado ngapi za dagaa, nani kalipa nusu, nani anasubiri mteja wake wa Kongo ndipo alete hela.

Nilipoitwa kupewa majibu, alinikaribisha kiti.

"Dada, umepata sabini na nane."

Nikatabasamu. Akaona nimetabasamu, ikabidi aeleze. Wastani wa kipimo hiki ni 100. Aliyepata 78, tukichukua watu mia, kama tisini na watatu hivi wako juu yake. Kwa hiyo ufadhili hautawezekana. Angeishia hapo ningemshukuru, maana ndicho alichotumwa. Akaongeza la kwake: chuo kikuu kitanitesa bure, mbona kuna vyuo vya ufundi vizuri tu, kuna ushonaji, kuna mapishi. (Kukata suti ya mtu mwenye kitambi ikamkaa kunataka akili kuliko alivyodhani, lakini hayo tuyaache.)

Nikapanda daladala ya Kirumba. Mama nilimkuta Mwaloni, ungo mapajani, anapepeta dagaa kutoa mchanga. Dagaa walioanikwa chini ufukweni huja na mchanga, na mteja akiutafuna leo kesho humwoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, wamesemaje?"

"Nimepata sabini na nane."

Ungo ukasimama. "Sabini na nane?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya wastani, habari ya watu mia. Sikupata nafasi. Mama yangu aliishia darasa la saba, na kwake maksi ni maksi: mia ndiyo mwisho, na mtoto aliyepata 78 amefaulu, tena vizuri. Kusema kweli, kwenye hisabati sikuwahi kumletea 78 hata siku moja. Alishageukia meza ya jirani. "Mmesikia? Wamempima akili wazungu, kapata sabini na nane!" Mmoja akapiga kigelegele. Mzee wa kushona magunia akaja kunipa mkono, mkono wake una harufu ya katani na dagaa, akaushika wangu muda mrefu ananitazama usoni kama anatafuta hiyo akili inakaa wapi.

"Na ufadhili?" mama akauliza.

"Wanasema hela haitoshi watu wote."

Akakung'uta khanga. "Basi tutalipa wenyewe. Mtu wa sabini na nane hawezi kukaa hapa anapepeta dagaa na mimi."

Sikumsahihisha. Wapo watakaosema nilimdanganya mama yangu, na mimi siwapingi, ila karo ya SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, nililipiwa kwa neno lile. Bodi ya Mikopo ilitoa sehemu, sehemu nyingine ilibaki juu yetu. Na awamu ya kwanza ilivyo na visa, ikaangukia mbalamwezi. Wa ziwani wanajua: dagaa huvuliwa gizani, wanafuata taa za karabai, mwezi ukiwaka mitumbwi inapumzika, na hela inapumzika nayo. Mama akaenda kwenye kikoba chake kukopa, na dhamana aliyopeleka mbele ya wenzake ilikuwa ileile, mtoto kapata sabini na nane. Wakampa.

Malimbe, kilipo chuo hicho, nilisomea ualimu. Sikuwa mwepesi, hilo lazima niliseme. Desa ambalo wenzangu wanalipitia jioni moja, mimi nalala nalo na kuamka nalo. Lakini huko ndiko nilikokutana, vitabuni, na Binet, mwanasaikolojia wa Kifaransa. Mwaka 1905 huko Paris, yeye na mwenzake Simon walitengeneza kipimo cha kuwatambua watoto wanaohitaji kusaidiwa shuleni, na Binet mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichofungwa, haiongezeki. Nilimsoma kwa hasira kidogo. Mwanzilishi anasema mtoto akipata chini asaidiwe. Mimi nilipata chini nikanyimwa msaada.

Siku moja kwenye somo la upimaji, mhadhiri akachora kengele ubaoni, ule mchoro wa jinsi alama za watu zinavyotawanyika: wastani 100, standadi divieshani, yaani kipimo cha mtawanyiko, 15. "Mwanafunzi kapata 78. Ni asilimia ngapi ya watu walio chini yake?" Watu wakatafuta kalkuleta na majedwali. Mimi nikanyoosha mkono. "Kama saba, mwalimu." Akachungulia jedwali lake, akaniuliza nimewezaje haraka vile. Nikamwambia nilishawahi kukutana na swali hilo.

Nilimaliza na GPA ya 3.6. Nikampelekea mama habari palepale Mwaloni, akanyamaza kidogo.

"Tatu nukta sita? Si uliingia na sabini na nane?"

Nikamweleza kwamba chuo wanahesabu mwisho tano. Akaangalia juu, midomo inachezacheza, kama anavyopiga hesabu ya magunia.

"Kumbe ni kama sabini na mbili," akasema. "Umeshuka kidogo. Lakini chuo nacho ni kigumu."