Kurasa yatima

Ukurasa usipoonekana Google, wengi hukimbilia kutengeneza ramani ya tovuti, lile faili la sitemap.xml. Si vibaya, ila ramani ni orodha ya anwani tu. Ukurasa uliomo kwenye ramani lakini hauna kiungo hata kimoja kinachouelekea ni yatima: Googlebot, roboti ya Google inayosoma kurasa, huenda ikaujua, mgeni anayeperuzi tovuti hatafika.

Yatima hupatikana kwa kulinganisha orodha mbili. Pitisha Screaming Frog, programu inayofuata viungo vya tovuti, kuanzia ukurasa wa mwanzo (toleo la bure huishia anwani 500), kisha matokeo yake yaweke kwenye Excel kando ya anwani za ramani. Iliyomo kwenye ramani na haimo kwenye matokeo ndiyo yatima. Itafutie ukurasa wa mada ya karibu, uweke kiungo ndani ya aya kwa maneno yanayotaja kilichopo huko: “bei za kusafirisha mizigo”, si “bofya hapa”. Kwenye HTML kiwe kiungo cha alama ya <a> yenye href, yaani anwani kinakoelekea. Kitufe kinachotegemea onclick peke yake Google haikifuati.

WordPress hujitengenezea ramani tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, ongeza /wp-sitemap.xml mwishoni mwa anwani ya tovuti uione. Ikileta 404 (ukurasa haukupatikana) na huna plagini ya SEO, yaani ya kusaidia tovuti ionekane kwenye utafutaji, iliyoweka ramani yake, fungua Settings, halafu Reading, utazame kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji. Hutiwa alama tovuti ikiwa bado inajengwa, kisha kila mtu anasahau.

Anayeandika faili kwa mkono azingatie kikomo cha anwani 50,000 au MB 50 kwa faili. Alama ya & ndani ya anwani iandikwe & la sivyo faili zima halisomeki. Tarehe ya lastmod, yaani ya badiliko la mwisho, ibadilike pale tu maudhui yanapobadilika kweli. Priority (umuhimu wa ukurasa) na changefreq (unabadilika mara ngapi) usihangaike nazo, Google haizitazami.

Kosa jingine: ukurasa umewekewa noindex, agizo la kutoonyeshwa kwenye matokeo ya utafutaji, na papo hapo umezuiwa kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti zisiingie wapi. Roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kuisoma hiyo noindex iliyo ndani, kwa hiyo anwani inaweza bado kujitokeza kwenye matokeo. Chagua moja.

Na Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ikiandika “Success” kando ya ramani, maana yake faili limesomeka. Hali ya ukurasa mmoja mmoja iangalie humo humo kwa URL Inspection.