Chupa ya 1984

Jumamosi tulikuwa kwa Mama, Kirumba, Mwanza, tunahamisha vitu ili fundi abadilishe mabati. Uvunguni tukavuta sanduku la bati la marehemu baba. Ndani mlikuwa na aproni yake, redio bila betri, na chupa ya mvinyo iliyoviringishwa gazeti. Mende walikuwa wameitafuna lebo, yakabaki mambo mawili tu: Bordeaux, na 1984.

Mwaka wangu! Angalau ndivyo cheti kinavyosema.

Baba aliwapikia wazungu wa Capri Point miaka mingi. Mmoja alipohama alimwachia sufuria, mapazia na hiyo chupa. Baba alikuwa Msabato, pombe hakuigusa, lakini hakuiuza hata mwaka ule niliporudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Sababu sijui.

Nikakaa juu ya jiwe pale nje, simu mkononi. Kumbe 1984 wakulima wa Bordeaux, kule Ufaransa, walilia: maua ya zabibu za merlot yalipukutika kabla ya kushika matunda, watu wakategemea zabibu za cabernet. Nikasoma pia kwamba chupa hulazwa ili kizibo kisikauke, tena mahali pa giza penye nyuzi 12 au 13. Kulazwa ililazwa, giza lilikuwepo. Nyuzi 12 chini ya mabati ya Kirumba, hapana. Mvinyo ulikuwa umeshuka hadi mabegani mwa chupa.

Jirani anayehudumu hotelini akatuazima kizibuo. Kizibo kikakatika katikati. Nusu iliyobaki tuliisukumia ndani kwa mpini wa mwiko, tukamimina kupitia chujio la chai. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyolala, mashapo meusi yakaganda kwenye chujio. Harufu ya kwanza ni siki. Ukitulia unapata zabibu kavu, halafu kitu kama ndani ya kiatu cha ngozi. Nikanywa funda moja, nikameza kwa heshima ya baba. Dada alitema.

Mama alinusa tu. "Hii ya kachumbari."

"Mama, mimi na hii tuko rika moja."

Akacheka mpaka akaketi. "Nani kakudanganya? Redio inatangaza Sokoine amefariki, wewe unakaa mwenyewe mkekani, unalamba uji. Huo mwaka waliuandika shuleni, baba yako alisema usionekane mkubwa."

Waziri mkuu Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984. Mtoto wa kukaa mwenyewe ana miezi sita, saba. Nikahesabu kwa vidole kurudi nyuma, mara mbili, vidole vikagoma kubadilisha jibu.

Mvinyo tukaumwagia mgomba. Mama tayari alikuwa anaisugua chupa kwa majivu, anataka kuwekea asali. Mimi nikarudi kwenye simu kutafuta 1983. Mwaka mzuri, wanasema, hasa kule Margaux, humo humo Bordeaux.